Sinema ya Gari: Shajara ya Kuokoa Rili 7 na Kaseti 41, Tanga

Marehemu baba alikuwa dereva wa gari la sinema mkoani Tanga. Kwa vijana ambao hawakuliona: ni Land Rover yenye projekta ya milimita 16, jenereta, spika mbili za tarumbeta juu ya paa na turubai jeupe. Linaingia kijijini alasiri, linazunguka likitangaza, na giza likishika kijiji kizima kiko uwanjani. Watoto mbele, wazee kwenye viti vyao, na waliochelewa wanakaa nyuma ya turubai wanatazama picha zikiwa kinyume. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Zanzibar ilikuwa na kituo chake, TVZ, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, na watu wa Dar es Salaam walisimamisha antena ndefu kuinasa kutoka ng'ambo ya bahari. Sisi wa huku taifa letu tuliliona likitembea kwenye turubai la gari.

Baba alipostaafu aliruhusiwa kubaki na nakala chache zilizochakaa. Baadaye, televisheni ilipofika, akawa mtu wa kurekodi kila kitu kwenye deki. Vyote viliishia kwenye sanduku la bati uvunguni, nyumbani kwetu Ngamiani. Naandika shajara hii ili mwenye sanduku kama hilo asirudie makosa yangu, kwa kuwa mengine niliyoharibu hayarudi.

14 Januari 2024: Sanduku limefunguliwa

Kaseti 41 za VHS na rili 7 za filamu. Nilipofungua kopo la kwanza la rili, mama aliuliza kutoka jikoni nani kamwaga siki. Hakuna aliyemwaga. Filamu za zamani za milimita 16 zimetengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu wa pwani huoza na kutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Asidi ikifungiwa ndani ya kopo huongeza kasi ya uozo, na rili mbovu ikikaa karibu na nzima huiambukiza.

Nimezitoa zote kwenye makopo yenye kutu, kila moja kwenye boksi lake la karatasi ngumu. Zenye harufu kali (ya 5 na ya 6) ziko chumba kingine. Lebo nyingi zimeng'oka. Zilizobaki ni mwandiko wa baba kwa kalamu ya risasi: MKONGE, MAJI, MALARIA 2, na moja imeandikwa tu USIKU WA LUSHOTO.

Gharama: maboksi na vifuko vya kufyonza unyevu, shilingi 64,000.

28 Januari: Ukungu, na kosa la kwanza

Nilinunua deki ya mtumba kwa 90,000. Kaseti tano za kwanza zilicheza vizuri. Ya sita ilikuwa na vumbi jeupe linaloonekana kupitia kidirisha chake, nikadhani ni vumbi la kawaida. Ni ukungu. Dakika ya pili picha ikajaa theluji, na ya tatu nikasikia deki inakwaruza.

Ubaya haukuishia kwenye kaseti hiyo. Ukungu uliganda kwenye vichwa vya deki na kwenye kigurudumu cha mpira kinachovuta mkanda, na kaseti ya saba, iliyokuwa safi kabisa, ikatoka na mistari miwili ya uchafu kuanzia mwanzo hadi nilipoizima. Mistari ile imebaki hadi leo.

Sasa nafanya hivi. Kila kaseti naimulika kwanza kwa tochi kupitia kidirisha. Ikiwa na weupe, haiingii kwenye deki safi kamwe. Navaa barakoa na glovu, naifungua skrubu tano, natoa magurudumu mawili ya mkanda, nayahamishia kwenye ganda jipya lililosafishwa. Mkanda naupitisha polepole kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowanishwa kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji, usiitumie. Kazi hii hufanyika nje barazani, kwa sababu ukungu ule ukiuvuta kifuani utaujua usiku.

Nikanunua deki ya pili kwa 110,000. Ya kwanza imekuwa ya kaseti chafu tu na ina alama nyekundu juu. Spiriti lita moja 30,000. Glovu, barakoa na vitambaa 18,000.

11 Februari: Sauti inachelewa

Kifaa kidogo cha kuingiza video kwenye kompyuta, cha 35,000, kimeniponza wiki mbili. Kaseti ya saa tatu ilianza vizuri, lakini mwishoni midomo inafunga na sauti ndiyo kwanza inatoka. Nilibadilisha programu mara nne nikidhani ndiyo yenye kosa. Tatizo liko mbele zaidi: deki iliyochoka na mkanda uliovutika hutoa picha isiyo na mwendo sawa, na kifaa cha bei rahisi kikikutana na picha iliyoyumba huiruka kimyakimya. Picha zinapungua, sauti haipungui, basi kila dakika zinazidi kuachana.

Dawa niliyoipata ni rekoda ya DVD ya zamani, 55,000, ambayo siirekodii chochote. Naiweka katikati: waya unatoka kwenye deki, unaingia kwenye rekoda, unatoka kwenda kwenye kompyuta. Njiani rekoda huishika picha na kuituliza. Baadhi ya rekoda hufanya hivyo na nyingine hazifanyi, kwa hiyo ijaribu dukani na kaseti yako mbovu kuliko zote kabla ya kulipa. Pamoja na kifaa kingine cha kuingizia cha 230,000, kaseti ileile ya saa tatu imetoka bila kuruka hata picha moja.

Nahifadhi kwa ukubwa wake wa asili, 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, kwa mfumo wa FFV1 usiopoteza kitu. Saa moja inachukua kama gigabaiti 28. Nakala ya kutazama kwenye simu natengeneza baadaye. Diski mbili za terabaiti 4, jumla 660,000, na moja inalala kwa dada yangu Korogwe. Hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote na ndiyo ambayo watu hujaribu kuikwepa. Usiikwepe.

3 Machi: Nilikata

Hili ndilo kosa linaloniuma, na nalieleza kwa urefu.

Kaseti namba 19 imeandikwa MSIBA WA MWALIMU. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, mwili ukarejea nyumbani tarehe 18, akazikwa Butiama tarehe 23. Baba alirekodi kutoka kwenye televisheni siku kadhaa, saa tatu nzima. Mimi, kwa kutaka faili safi, nilikata matangazo ya biashara, nikakata vipande ambavyo mtangazaji yuko studio anasubiri mitambo, nikakata na dakika tisa za mwisho ambazo niliona tu picha inarukaruka halafu watu wanacheza. Nikahifadhi faili fupi. Faili kubwa nikalifuta ili kupata nafasi.

Jumapili shangazi alikuja kuangalia. Alikaa kimya hadi mwisho, halafu akauliza, "Na harusi yangu iko wapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu. Wiki ile ya Oktoba kaseti tupu ziliisha madukani mtaa mzima, kila mwenye deki alikuwa anatafuta. Baba alikwenda kwa dada yake akamwomba kaseti ya harusi yake arekodie msiba wa Mwalimu juu yake. Shangazi akampa. "Nilimwambia, kaka, mume ninaye, harusi ya nini. Mwalimu hatumpati tena." Msiba ulipokwisha kurekodiwa, mwishoni mwa mkanda zilibaki dakika chache za harusi ambazo hazikufikiwa. Shangazi alikuwa anajua zipo. Kwa miaka 24 alikuwa anajua zipo.

Niliirudisha kaseti kwenye deki mikono ikitetemeka. Mara ya kwanza niliicheza ikiwa imechoka, mara ya pili ikajikunja dakika ya 168 na kuliwa na deki. Nilifungua, nikanyoosha kwa kidole kilichovaa glovu, nikakata sentimita nne zilizosagika na kuunga kwa utepe maalumu. Harusi ilitoka: kikundi cha taarabu, shangazi ameinamisha kichwa, baba anapita mbele ya kamera amebeba kreti ya soda. Ni picha pekee ya baba inayotembea tuliyo nayo. Yote yametoka kasoro sentimita zile nne, ambazo ni kama sekunde mbili.

Nilipotazama tena kaseti nzima bila kukata, niliona na kitu kingine. Matangazo ya biashara ya siku zile za msiba ni machache mno, na kati ya habari na habari kuna muziki wa maombolezo na picha ya Mwalimu imesimama tu. Mtangazaji anaposubiri mitambo anasahau kuwa yuko hewani, anavua miwani anafuta macho. Nilikuwa nimemkata yule. Vituo vya televisheni duniani vilizoea kufuta mikanda na kurekodi juu yake, hata BBC ilifanya hivyo miaka ya 1960 na 1970, na mara nyingine kilichosalia ni kile alichorekodi mtu nyumbani kwake. Basi mwenye kaseti ya nyumbani hana haki ya kuamua kipi ni takataka.

Utaratibu tangu siku hiyo: mkanda unachukuliwa kuanzia unapoanza hadi unapogota, pamoja na theluji, matangazo, ukimya na mabaki ya chini. Hakuna kukata faili mama. Anayetaka kukata akate nakala.

21 Aprili: Masika, na rili iliyochanika

Kaseti 30 zimekwisha. Nikageukia filamu. Projekta ya baba bado inawaka. Niliifuta, nikapaka mafuta, nikatundika shuka, nikaweka rili ya 6 na kuielekezea simu. Kwanza, picha ya simu ilijaa mistari myeusi inayopanda na kushuka: projekta inatembea picha 24 kwa sekunde na kufunga mwanga mara kadhaa kwa kila picha, simu inatembea kwa hesabu yake, na haviwezi kupatana. Pili, na hili ndilo baya, baada ya kama dakika moja nikasikia tr-r-r-r, sauti ya kitambaa kikichanwa. Meno ya projekta yalikuwa yanashuka pembeni ya matundu badala ya ndani ya matundu. Picha 14 zimechanwa ukingo.

Ningepima kwanza, nisingechana. Filamu inayooza husinyaa. Filamu mpya ya milimita 16, ukihesabu picha 100, ina urefu wa milimita 762. Ilaze juu ya meza, hesabu tundu hadi tundu mara mia moja, pima kwa rula ya chuma. Ikipungua kwa zaidi ya asilimia moja, yaani chini ya milimita 754, usiipitishe kwenye projekta yoyote. Vipimo vyangu: rili ya 1 ni 759, ya 3 (MKONGE) ni 756, ya 6 ni 751. Rili ya 5 haikupimika. Imeshikana imekuwa kama sahani moja, na ukijaribu kuifungua picha zinabanduka zinabaki kwenye mzunguko wa juu yake. Nimeiacha.

Mvua haikati na nguo hazikauki. Nimesimamisha kazi ya filamu hadi masika yaishe. Zile picha 14 nimeziunga kwa utepe wa kuungia filamu. Kila kitu bado kinaonekana, ila ukingo una kovu.

30 Juni: Mashine ya picha moja moja

Wazo ni kuacha kuikimbiza filamu. Badala ya kuionyesha ukutani, kila picha inasimama mbele ya kamera, inapigwa, inasogea. Rili ya futi 400 inachukua kama dakika 11 ikionyeshwa, na ina picha 16,000, kwani kila futi ina picha 40.

Seremala wa Barabara ya 12 alinitengenezea kitako cha mninga chenye magurudumu laini yasiyo na meno, 60,000. Meno ndiyo yanayochana, kwa hiyo hayamo kabisa. Mota ndogo na saketi yake 48,000, lenzi ya kukaribia 85,000, taa nyeupe ya LED isiyo na joto 12,000. Kamera nimeazimwa na kijana niliyemfundisha sekondari. Jumla 205,000.

Bila meno, picha haisimami mahali pamoja. Toleo la kwanza lilitoa filamu inayotetemeka hadi kichwa kinauma. Wiki tatu nilihangaika na kukaza mota, kulegeza mota, kuongeza uzito. Suluhisho likawa kupiga picha pana kidogo ili tundu la pembeni lionekane, halafu programu inatafuta kona za tundu katika kila picha na kuzilinganisha zote hapo. Tundu ndilo lisilodanganya. Programu za bure zinazofanya hivyo zipo, na kompyuta yangu ya miaka minane inazimudu usiku kucha.

Kasi yangu ni picha moja kwa sekunde mbili, yaani kama saa tisa kwa rili. Umeme ulikatika mara mbili katikati. Filamu haikudhurika kwa sababu inasimama tu ilipo, tofauti na deki, ambayo umeme ukikatika mkanda unabaki umezungushiwa kichwa cha deki.

4 Agosti: Mkonge

Rili ya 3 imekwisha. Naieleza kwa kuwa ndiyo iliyobadili mradi.

Inaanza bila jina, futi za mwanzo zimekatika. Mistari ya mkonge hadi upeo wa macho. Wanaume wanakata majani kwa visu vifupi, wanayafunga vitita, wanayapakia kwenye troli za reli nyembamba. Halafu korona, mashine ya kusindika, majani yanaingia mabichi upande huu, upande ule zinatoka singa nyeupe zinachuruzika maji. Wanawake wanazianika kwenye nyaya. Mwisho marobota yanashushwa kwenye tishari bandarini Tanga. Kuna picha ya karibu, sekunde nne hivi, ya mkono wa mtu umeshika kipande chake, kadi ya kazi yenye namba ya mfanyakazi, na kidole gumba kinapitapita juu ya namba.

Pembeni mwa filamu ya Kodak huwa na vialama vidogo, duara, mraba, pembetatu, vinavyotaja mwaka filamu mbichi ilipotengenezwa, na vinajirudia kila miaka 20. Vya hii vinakubali 1944 au 1964. Land Rover inayopita nyuma ya korona inaondoa 1944, kwa sababu Land Rover ya kwanza ilitoka 1948. Basi ni katikati ya miaka ya 1960, mkonge ukiwa kileleni. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza dunia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba. Rili hii imepigwa kwenye mlango ule kati ya manamba, kibarua wa mkataba aliyejulikana kwa namba yake, na mwenye nchi.

Lakini haina sauti. Ukingo wa sauti ni mweusi mtupu. Nilidhani imeharibika.

25 Agosti: Muheza

Haikuharibika. Haikuwahi kuwa na sauti. Sauti ilikuwa mtu.

Baba alifanya kazi na msaidizi, tunamwita baba mdogo ingawa si wa damu, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kipaza sauti pembeni ya turubai na kuwaeleza watu wanachokiona. Yuko Muheza, ana miaka zaidi ya themanini. Nilikwenda na kompyuta.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umeleta gari?"

Nilimwonyesha MKONGE. Nikafanya kosa: kila baada ya sekunde kumi nilisimamisha picha na kuuliza, hapa ni wapi, huyu nani, mwaka gani. Akajibu kwa adabu, maneno mawili matatu. Nilirudi Tanga na dakika 50 za majibu makavu.

Safari ya pili niliazima spika. Sikuuliza kitu. Nilimwambia, "Baba mdogo, leo wewe fanya kazi yako tu." Akasema hawezi kuifanya amekaa. Akasimama, akaomba kipaza sauti akishike mkononi, si hiki cha kubandika kwenye shati, akavua kofia akaiweka kitini. Picha ya kwanza ilipotokea sauti yake ikabadilika kabisa. Ilishuka, ikapanuka, ikawa ya mtu anayesema na uwanja mzima. Mistari ya mkonge ilipopita hakusema "huu ni mkonge." Alisema, "Mnaliona shamba hilo? Nani hapa babu yake hakuacha jasho hapo?" Halafu akanyamaza, akiwaachia watu nafasi ya kuitikia, watu ambao hawakuwepo. Aliacha nafasi hizo mahali palepale kila nilipomrudishia filamu, kama mwimbaji anayejua kibwagizo kinaingia wapi.

Alinieleza kuwa karatasi ya maelezo ililetwa na filamu, Kiswahili cha ofisini. Aliisoma mara moja tu akaiweka. Lushoto alisema kwa Kisambaa, Muheza kwa Kibondei. Kwenye kambi za mashamba, ambako manamba walitoka bara na kusini, alirudi kwenye Kiswahili, polepole. Kidole kikipita juu ya kipande, popote alipokuwa, alitaja namba ya kipande cha baba yake mwenyewe, ambaye alikuja Tanga kukata mkonge.

Jambo hili lina mizizi kwetu. Vugiri, milimani wilayani Korogwe, ndiko Waingereza Notcutt na Latham walikopigia kambi ya Bantu Educational Kinema Experiment, mradi wa majaribio ya filamu za elimu kwa Waafrika, kati ya 1935 na 1937. Walitengeneza filamu 35, na maneno yake, kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki na Kati, waliyaweka kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Filamu zilizobaki ni chache mno. Picha na sauti zikitunzwa mbalimbali, kimoja hufa kabla ya kingine, na kwa gari la sinema kile kinachokufa kwanza ni mtu.

Baba mdogo mwenyewe sinema yake ya kwanza aliiona utotoni, moja ya zile filamu za Kiswahili za mwanzo wa miaka ya 1950 alizoigiza Rashidi Kawawa. Mwaka 1962 Kawawa alipokuwa Waziri Mkuu, anasema mtaani waliambizana, "Si yule wa kwenye turubai?"

Gharama: kipaza sauti cha mkononi 75,000, nauli za safari nne za Muheza 40,000.

15 Septemba: Kuunganisha

Tumerekodi MKONGE mara tatu: Kiswahili, Kibondei, na Kiswahili tena jinsi alivyosema kambini. Hazilingani, na sitachagua moja. Kila moja ni njia yake ya sauti ndani ya faili moja la MKV, mtazamaji anachagua. Njia ya nne ni kimya, filamu ilivyo.

Mtu mmoja alinishauri nipunguze ukimya wa kuitikia. Nimekataa. Pia kila njia ya sauti imeandikwa wazi kuwa imerekodiwa 2024 na mzungumzaji aliyefanya kazi hiyo kuanzia 1968. Miaka hamsini ijayo mtu asije akadhani hii ndiyo sauti iliyotoka kwenye spika za tarumbeta. Ni kumbukumbu yake, na thamani yake ni hiyohiyo.

6 Oktoba: Uwanjani

Tulionyesha kwenye kijiji jirani na shamba la zamani la mkonge. Shuka, projekta ndogo ya kompyuta, jenereta. 70,000 na mafuta. Kaseti za televisheni hatuonyeshi hadharani wala kuziweka mtandaoni, hakimiliki si yetu. Tumeweka harusi na filamu tu.

Baba mdogo alisimama pembeni ya shuka. Nafasi alizoziacha zilijaa.

Bibi mmoja alisimama kwenye sehemu ya kuanika akasema tumekosea. Kwenye maelezo yangu niliandika "wanawake wakianika singa." Akasema hao wa nyuma hawaaniki, wanageuza, na anayegeuza analipwa mbali na anayeanika, na yule wa kitambaa cha mistari ni dada yake, na akataja jina. Nilikuwa nimetumia saa tisa kupiga picha zile na wiki nzima kuzinyoosha, na sikujua kuwa kazi zile ni mbili. Tumemrekodi. Maelezo yamesahihishwa. Jina la dada yake limo, kwa ruhusa yake, kwenye faili la familia na si kwenye la watu wote.

Ukifanya kazi hii, nenda na daftari uwanjani. Simu haitoshi: watu huzungumza kwa pamoja na gizani huwezi kujua nani kasema nini.

10 Novemba: Ilipofikia

Kaseti: 36 zimekwisha, 2 zilikuwa tupu, 3 za ukungu mzito zinasubiri kiangazi. Rili: 4 zimekwisha, ya 6 na USIKU WA LUSHOTO ziko foleni. Fedha hadi leo: 1,682,000, ambapo 35,000 zile za kifaa cha kwanza zimekwenda bure.

Rili ya 5 nimeifunga kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, nimeiweka kwenye friji ya mama, rafu ya chini. Baridi haiponyi ila inachelewesha, hata asidi iliyofungiwa humo. Haina lebo. Nilimpelekea baba mdogo picha ya mzunguko wake wa nje, ambapo kuna picha tatu ndogo zinazosomeka kwa lenzi: watu wamepanga mstari, na kitu kama bomba. Aliitazama muda mrefu, akasema kama ni ile anayoidhani, maneno yake bado anayo.

Nakwenda Muheza Jumamosi na kipaza sauti. Picha zitafuata zikiwezekana.